Muulize Fundi: Landrover ya babu imelala chini ya mwembe miaka 11

Mwezi huu barua nyingi ni za magari ya urithi, sijui kuna nini, labda ndo ule wakati watu wamerudi nyumbani kwenye arobaini wakakuta gari ya mzee iko nyuma ya nyumba na kuku wametagia ndani. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, manake wengi wenu mliouliza mtakuta la kwenu humo humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yangu alifariki mwaka jana hapa Muheza, kaacha Landrover 109 Series III ya mwaka 1974, ya petroli, alikuwa anabebea machungwa. Imekaa chini ya mwembe miaka 11 haijawashwa. Familia wamenipa mimi kwasababu ndo nilikuwa nashika tochi babu akiwa chini ya gari. Bodi ukiitazama nzuri tu, watu wanasema alumini haishiki kutu. Nataka niitengeneze hapa hapa nyumbani, nina spana za kawaida, na shemeji yangu anachomelea mageti. Niifungue yote nipige rangi kwanza au nianze na injini? – Mjukuu wa Muheza

JIBU: Marahaba mjukuu, na poleni sana. Kwanza usiifungue yote. Nasema hivi kwasababu mimi niliifungua. Landrover ya baba yangu niliichambua wikiendi mbili nikiwa na ari kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, bolti zote nikazitupa kwenye kopo moja la rangi la lita 4, mlango huku, bonet kule, siti zikaenda kwa shangazi, na ikakaa hivo miaka minne, kila nikipita naangalia pembeni. Siku nimerudi kuifunga kopo lina bolti zaidi ya 200 na sijui hata moja inakaa wapi. Magari mengi ya urithi hayafi kwa ubovu, yanafia hapo, yakishachambuliwa mtu anachoka, anakuja wa chuma chakavu na mizani yake. Kwahiyo fungua sehemu moja, itengeneze, irudishe, ndo uende nyingine. Na kila unachofungua piga picha na simu kabla, katikati na mwisho, bolti zake weka kwenye mfuko mdogo wa nailoni andika kwa maka pen. Picha hazina gharama.

Sasa kuhusu alumini. Ni kweli bodi ni alumini, iliyochanganywa na magnesiamu kidogo, manake Landrover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam Aprili 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, alumini ndo ilikuwa inapatikana. Lakini bodi ndo alumini, chasisi ni chuma, na ule ukuta wa kati ya injini na miguu yako, unaobeba bawaba za milango na usukani, ni chuma pia. Afu chuma na alumini vikigusana penye unyevu, na huko kwenu hewa ya bahari haiko mbali, alumini ndo inaliwa, inatoa unga mweupe kama chokaa kwenye maungio. Ukiona huo unga chini ya milango na kwenye kona za bodi ya nyuma ujue chini ya rangi pameshakuwa karatasi.

Ndo maana hatuanzi na rangi wala injini. Tunaanza na nyundo. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari (kwenye stendi au magogo imara, sio jeki peke yake, jeki ni ya kunyanyulia sio ya kulalia chini yake), gonga chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma kila sentimita 5. Chuma kizima kinalia, ting. Chuma kilichooza kinajibu kama unagonga boksi lenye mchanga. Penye sauti hiyo sukuma bisibisi, ikizama umepapata. Chasisi ya hii gari ni boksi, ina uwazi ndani, na inaoza toka ndani kuja nje, kwahiyo usidanganyike na rangi nyeusi nzuri ambayo babu alipaka. Tazama zaidi ile boriti ya nyuma kabisa panapofungwa ndoano ya trela, vikono vya pembeni vinavyobeba bodi, na pale springi zinaposhikia. Chini ya mwembe majani yanaoza juu ya chasisi yanakaa na maji mwaka mzima, mimi kwenye moja niliyofungua Pangani nilitoa mbolea kamili, ningeweza kupanda mchicha.

Shemeji wa mageti. Simdharau, ila geti likiachia linakuangukia mguu, chasisi ikiachia uko barabara ya Segera na familia. Mwambie akate oza yote mpaka afike chuma kinachong'aa, sio kubandika kiraka juu ya kutu, atumie bati la milimita 2 au 3, na aunge kidogo kidogo akihama hama ili chasisi isipinde. Kabla hajawasha mashine toa waya za betri zote mbili na uchomoe oltaneta, nyingi zimekufa kwa kuchomelea. Na tenki. Tenki ya mafuta kwenye 109 ya kawaida iko chini ya siti ya mbele, itoe, ipeleke mbali. Watu wanafikiri tenki tupu ni salama, hapana jamani, tenki tupu ndo bomu, ile iliyojaa ina petroli lakini tupu ina mvuke wa petroli na hewa, unachohitaji ni cheche moja. Usikubali mtu achomelee tenki uani kwako hata aape kwamba ameiosha kwa omo.

Spana zako za kawaida, nadhani unamaanisha za milimita, 10, 12, 13, 14. Hapo utaniudhi. Hiyo gari ni ya inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana 13 inaingia inacheza kidogo, unavuta mara mbili nati inakuwa duara na sasa unahitaji patasi. Tafuta seti ya inchi, 7/16, 1/2, 9/16 hizo tatu zitafanya kazi yako kubwa, mtumba zipo, wazee waliofanya kazi mashamba ya mkonge wanazo ndani ya masanduku, kaombe kwa heshima. Nati iliyoshika ipulizie kilainishi jioni, rudia asubuhi, rudia jioni, uvute siku ya tatu. Subira hapa ni bei rahisi kuliko kuchimba bolti iliyokatika.

Haya, injini. Usiguse swichi. Najua mkono unawasha, ila usiguse. Toa chujio la hewa kwanza, lile la kikombe cha oili, humo panya wanajenga, ukiwasha unawavuta na godoro lao ndani ya kabureta. Mwaga oili ya zamani kwa kufungua nati ya sumpu taratibu na uangalie kinachotoka kwanza, kama ni maji ndo oili inafuata, basi maji yamekaa chini ya sumpu, jipange. Toa plagi zote 4, mimina kwenye kila tundu kijiko cha oili nyepesi uliyochanganya na dizeli, acha siku mbili tatu. Afu hendeli. Wanaokumbuka wanajua, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, kwenye Landrover nyingi kiko nyuma ya siti. Gia iwe huru, zungusha taratibu, na kidole gumba usikizungushe kwenye chuma, kiweke upande mmoja na vidole vingine. Babu yako bila shaka alikuambia. Siku ya kuwasha injini ikipiga teke kurudi nyuma, gumba lililozunguka linavunjika, lililokaa pembeni linateleza tu linatoka. Ikigoma kuzunguka ongeza mchanganyiko usubiri tena, na asije jirani na trekta akaivuta ikiwa kwenye gia, pistoni zilizoshika zikivutwa kwa nguvu ringi zinakatika na unaanza ukurasa mwingine kabisa wa matumizi.

Ikishazunguka, oili mpya, 20W-50 inaifaa, bado plagi ziko nje, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Hapo ndo unarudisha plagi. Petroli ya miaka 11 sio petroli tena, inanuka kama rangi ya kucha iliyochacha, mwaga, osha tenki, badilisha mipira yote ya mafuta. Kabureta ya mwaka huo kwa kawaida ni Zenith, na ugonjwa wake unajulikana, kifuniko cha juu kinapinda inavuta hewa, gari inazima ukisimama na inakunywa mafuta kama harusi. Dawa yake haihitaji hela, weka msasa laini wa maji juu ya kipande cha kioo, sugua ule uso wa chini wa kifuniko kwa mzunguko mpaka wote ung'ae sawa. Pointi za distributa fungua ziachie milimita 0.4, uwazi wa valvu 0.25, moto wa plagi unafuata silinda kwa mpango wa 1-3-4-2. Na atakayekuambia valvu zitaungua kwasababu mafuta ya siku hizi hayana madini ya risasi, mwambie hayo ya risasi yaliondoka nchi zetu toka mwanzo wa 2006, na kwa hesabu yako babu aliendesha miaka mingi baada ya hapo na machungwa yakafika sokoni.

Kitu kimoja kitakachokutisha: injini imewaka, unakanyaga klachi, gia haingii. Usikimbilie kushusha gia boksi. Sahani ya klachi imeganda kwenye flaiwili kwa kukaa. Acha injini ipate moto vizuri, izime, weka gia ya pili, eneo liwe wazi mbele, kanyaga klachi mpaka chini, washa kwa stata, gari itaondoka yenyewe, ukiwa umeishika klachi piga na kuachia mafuta kwa ghafla mara kadhaa. Nyingi zinaachia. Lakini hilo unalifanya breki zikiwa tayari, na ndo nafika huko.

Breki usitengeneze, badilisha. Raba zote, mipira yote, mafuta yote. 109 ina silinda 6 za magurudumu, mbele mbili mbili na nyuma moja moja, watu wanasahau zile za pili za mbele. Raba za breki zisioshwe na petroli zinavimba, osha na mafuta ya breki yenyewe. Na vumbi lililoko ndani ya ngoma za breki za gari ya 1974 lina asbesto, usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, lowesha kwa maji na sabuni, futa na tambara, tambara lifunge kwenye mfuko utupe. Tulivyokuwa vijana tulikuwa tunapuliza tu tukicheka, tunatoka weupe kama waoka mikate.

Rangi ndo ya mwisho kabisa, mwaka kesho ikibidi. Alumini inataka praima yake maalum ya alumini, ukipaka praima ya kawaida itabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Usisugue na brashi ya waya ya chuma, inaacha chembe za chuma ndani na hizo ndo zinaanzisha ule unga mweupe. Unapofunga bodi kwenye chuma weka mpira au washa (kile kipete bapa) ya plastiki katikati. Ile mibonyeo na mikwaruzo ya matenga ya machungwa nyuma, mimi ningeiacha, ila gari ni yako.

SWALI: Fundi mimi niko Iringa, nimeshatumia karibu milioni 3 kwenye pikapu ya marehemu baba, sasa kaka zangu wawili wanasema iuzwe tugawane. Kadi bado ina jina la baba. Nifanyeje? – Mdogo wao

JIBU: Mdogo wangu, kwanza funga pochi, usinunue hata balbu. Hiyo gari bado sio yako wala yao, ni mali ya mirathi. Kikao cha familia kikae, kiandike muhtasari, kipendekeze msimamizi, aende mahakamani, wengi wanaanzia Mahakama ya Mwanzo, akishathibitishwa ndo anaweza kugawa, na huyo ndo anasaini uhamisho wa kadi TRA kwenda kwa atakayepewa. Risiti zako zote zipange kwa tarehe uziweke mezani siku ya kikao, ambazo huna risiti mpigie aliyekuuzia akuandikie. Ukiwaambia kaka zako "nipeni gari mnikate kwenye fungu langu la kiwanja" mara nyingi linaisha bila kelele. Na angalia namba ya chasisi kwenye chuma kama inalingana na kadi, nimeona watu wawili waligombana miaka mitatu kwa gari ambayo kadi yake ilikuwa ya gari nyingine. Zile hofu za madeni ya road license ya miaka yote ilipolala ziache, ile ada ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta.

SWALI: Habari fundi. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya marehemu mama, alikuwa nesi, mimi ndo naitengeneza mwenyewe hapa Moshi. Inawaka vizuri ila ikienda kama nusu saa inazima, ikipoa inawaka tena. Fundi wa mtaani anasema nitoboe matundu kwenye bonet ya nyuma ipate hewa. – Binti wa Nesi

JIBU: Dada usitoboe kitu. Siku ikizima, kabla haijapoa, toa chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, vuta waya wa pedali ya mafuta kwa mkono. Ukiona petroli inaruka kama mchirizi basi mafuta yapo, tatizo ni umeme, anza na koili, ishike, kama haishikiki kwa moto badilisha. Usipoona kitu mafuta hayafiki, angalia pampu na mpira wake. Dakika moja tu na inakuepusha kununua spea tano za kubahatisha.

Ila kuna kitu kingine karibu kila Beetle ya huku haina, ule mpira unaozunguka injini kuziba uwazi kati ya bati za injini na bodi. Injini ile inapozwa na upepo wa feni, feni inavuta hewa ya juu inaisukuma kwenye silinda, inatoka moto chini. Mpira ukiwa haupo hewa ya moto inapanda inavutwa tena na feni, yaani injini inapumua jasho lake. Mafundi wengi wakishusha injini wanautupa wanaona ni urembo. Pima uwazi wa valvu injini ikiwa ya baridi kabisa, milimita 0.15, na oili ni lita 2 na nusu tu kwahiyo ikipungua nusu lita umepoteza moja ya tano.

Kabla ya yote hayo inua siti ya nyuma leo leo. Betri iko hapo chini. Kama haina kifuniko, siku utabeba watu wanene watatu nyuma springi za siti zitagusa vichwa vya betri na siti itaanza kufuka. Afu mpira wa petroli pale kwenye injini, ukiwa na nyufa hata moja badilisha na uubane na klampu, hizo gari hazina adabu kwenye moto.

SWALI: Sasa fundi, niko Nakuru. Guka (babu yangu) aliniachia Pijo 404, injini inavuta moshi mweupe na wa bluu pamoja, kila mekanika ananiambia spea hakuna niweke injini ya Probox nimalizane nayo. Wewe waonaje? – Kijana wa Nakuru

JIBU: Naona wanataka kuuza injini ya Probox. Kijana, hiyo gari ilishinda Safari Rally 1963, afu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, kwenye matope ya barabara zetu hizi hizi, na ukienda nayo Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse watu watakusimulia mpaka uchoke. Lakini sitaki kukushawishi kwa sifa, nakushawishi kwa chuma. Injini yake, ile ya cc 1618 iliyolala kiubavu, ina laina (yale mabomba pistoni zinamopanda na kushuka) za kuchomoa zinazozungukwa na maji. Maana yake silinda zikilika huendi kuchonga bloku, unachomoa laina na pistoni zake zote nne unaweka seti mpya, kazi unaifanya chini ya mti na tochi. Cha kuangalia ni raba au gasketi za chini ya laina na kwamba laina zimesimama juu ya bloku kwa kimo kinachotakiwa, zikizama tu gasketi ya hedi haishiki na maji yanaingia kwenye oili. Huo moshi wako mweupe wa maji na wa bluu wa oili kwa pamoja ndo unanifanya nishuku hapo, lakini fungua hedi kwanza, saa ingine ni gasketi tu imeungua na ringi zimechoka.

Spea hazijai dukani ila zipo, zunguka Kirinyaga Road pale Nairobi ukiuliza wazee sio vijana wa kaunta, afu kuna watu bado wana seti ndani ya karatasi yake ya kiwandani. Ukiweka ya Probox utatengeneza vishikio vipya, ekseli ya propela, radieta, nyaya, na uende NTSA, mamlaka ya usafiri huko Kenya, kubadilisha namba ya injini kwenye logbook, yaani kadi ya gari, ukimaliza hesabu umeshavuka bei ya laina na pistoni. Kama bado utaamua hivo, sitakuchukia, gari inayotembea ni bora kuliko iliyosimama, ila ile injini ya guka ipake grisi, ifunge kwenye turubai, iweke juu ya mbao stoo. Usimpe mtu wa mizani.